Mombasa hadi Kisumu kwa ndege: umbali, saa za angani, na saa za safari yenyewe

Hapa Shimanzi swali hili halikosi mwenye kuliuliza: kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa ndege ni mbali kiasi gani, na mtu afika kwa saa ngapi? Mtaa wetu umezungukwa na bandari, matangi ya mafuta, magodauni na reli, na kazi hizo ndizo zilizoleta watu wa Nyanza na Magharibi kukaa nasi miaka yote hii. Wameoa hapa, wamezaa hapa, na wengi wana wazee kule. Nao Waswahili wenye nduguze Kaloleni ya Kisumu, Kendu Bay au Mumias si wachache. Mimi ni mkaazi wa hapa, na kwa kuwa nimezoea kupangia watu safari, simu zenye swali hilo huishia kwangu.

Mwenye kuuliza huwa na haraka. Mara nyingi pana mgonjwa, au pana msiba. Wenzetu wengi wa Nyanza wakifiwa huweza kumweka maiti siku kadhaa wakingoja wana walio mbali. Sisi Waislamu twazika siku hiyo hiyo ikiwezekana, basi swali la umbali hugeuka kuwa swali la kuwahi janaza. Ndiyo maana nimeona niandike majibu yote mahali pamoja, mtu ayakate na kuyaweka.

Jibu fupi

Umbali wa mstari ulionyooka kutoka Uwanja wa Moi, Mombasa, hadi Uwanja wa Kimataifa wa Kisumu ni kama kilomita 695. Kwa maili za baharini, ambazo marubani na manahodha huzitumia, ni kama 375.

Ndege ya pangaboi kama Dash 8-400, aina inayotumika sana kwa safari za ndani ya Kenya, yahitaji kama saa moja na dakika 10 kuwa angani kwa umbali huo. Ndege ya jeti yaweza kufika kwa karibu saa moja. Lakini tikiti ya moja kwa moja huonyesha muda mrefu zaidi, kama saa moja na dakika 20 hadi saa moja na nusu.

Kutoka mlango wa nyumba yako Shimanzi hadi Kisumu mjini, hesabu saa nne hadi tano ukipata ndege ya moja kwa moja. Ukipitia Nairobi, hesabu karibu saa saba, na zaidi ikiwa kungoja kwako Nairobi kwapita saa mbili. Kwa basi ni saa 14 hadi 16, njia ikiwa nzuri.

Kwa nini tikiti husema zaidi ya muda wa kuruka

Saa zilizoandikwa kwenye tikiti hazihesabiwi tangu magurudumu yaache ardhi. Zahesabiwa tangu ndege iondoke mahali ilipoegeshwa hadi iegeshwe tena kule ifikako. Ndani yake mna kutembea uwanjani, kungoja ruhusa ya kuruka, kupanda taratibu, kushuka taratibu, na kutembea tena baada ya kutua. Ndege haiendi kwa kasi yake kamili ila katikati ya safari.

Mtu akitaka kukisia mwenyewe safari yoyote ya ndani, kuna njia nyepesi. Chukua kilomita za mstari ulionyooka, gawanya kwa 600 ikiwa ni ndege ya pangaboi au kwa 800 ikiwa ni jeti, kisha ongeza dakika 20. Kwa Kisumu, 695 ukigawanya kwa 600 wapata saa moja na dakika 10. Ongeza 20, ni saa moja na nusu. Hutakosea kwa mengi.

Upepo nao una neno lake. Kusi na kaskazi tunazozijua sisi watu wa pwani ni pepo za chini. Huko juu, katika ukanda huu wa karibu na Ikweta, mara nyingi upepo hutoka upande wa mashariki. Basi ndege iendayo Kisumu huweza kusukumwa mgongoni, na irudipo Mombasa hukutana nao usoni. Tofauti ni ya dakika chache.

Nairobi iko njiani, tena sana

Watu wengi hudhani kwamba kupitia Nairobi ni kuzunguka. Hebu tuhesabu. Kutoka Uwanja wa Moi hadi Jomo Kenyatta ni kama kilomita 422. Kutoka Jomo Kenyatta hadi Kisumu ni kama kilomita 280. Jumla ni 702. Njia ya moja kwa moja tumesema ni 695. Tofauti ni kilomita 7 tu, ambazo ndege huzimaliza kwa muda usiofika dakika moja.

Maana yake ni kwamba miji hii mitatu imekaa karibu kwenye mstari mmoja. Ukichukua ramani na rula utaona mwenyewe. Anayepitia Nairobi hapotezi chochote kwa umbali. Anachopoteza ni kutua, kushuka, kungoja na kuruka upya. Mombasa hadi Nairobi ni kama saa moja kwa tikiti, Nairobi hadi Kisumu ni kama dakika 50. Muda wote unaobaki kati ya hizo ni wa kukaa kitini uwanjani.

Kwa hiyo mtu asilinganishe tikiti mbili kwa kuangalia muda wa angani. Alinganishe saa ya kutoka nyumbani na saa ya kufika aendako. Ndege ya moja kwa moja ya jioni yaweza kukufikisha baada ya yule aliyepitia Nairobi asubuhi.

Safari za moja kwa moja kati ya Mombasa na Kisumu zimekuwako, lakini si kila siku na si kila saa, na ratiba hubadilika kila msimu. Usitegemee ya mwaka uliopita. Angalia ya wiki hiyo, tena ya siku hiyo.

Viwanja viwili vya Nairobi

Hapa nataka msomaji asimame kidogo, maanake ndipo watu huumia. Nairobi ina viwanja viwili vya safari za ndani: Jomo Kenyatta, ambao alama yake kwenye tikiti ni NBO, na Wilson, ambao alama yake ni WIL. Kati yao kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 12, na barabara ni ndefu kuliko hapo, yenye msongamano unaojulikana. Kuna ndege za Kisumu zinazotoka Wilson. Ukitua NBO na ndege yako ya pili ikawa ya WIL, una safari ya tatu katikati, ya gari, na hiyo haikuandikwa kwenye tikiti.

Jambo la pili ni tikiti mbili tofauti. Ukinunua safari nzima kwa tikiti moja, ya kwanza ikichelewa ni juu ya shirika kukutafutia nafasi nyingine. Ukinunua vipande viwili mbalimbali, kwa sababu labda ulipata bei nafuu, kila kipande kiko peke yake. Mzigo wako utauchukua Nairobi na kuupeleka upya kaunta, na ndege ya pili haitakungoja.

Jirani yangu mmoja aliletewa habari ya kufiwa na mamake mdogo Kisumu, alfajiri ya siku ya Ijumaa. Wanawe walimnunulia tikiti mbili kwa simu, wakiona saa moja na robo katikati kuwa inatosha. Ndege ya kwanza ilichelewa dakika 40. Alipofika Nairobi, kaunta ya pili imefungwa. Alifika Kisumu usiku, kaburi limeshafukiwa. Hakuna aliyemlaumu, na watu wa kule walimpokea vizuri, lakini mwenyewe hadi leo akielezea safari ile huhesabu dakika kwa vidole. Tangu hapo nikiulizwa na mtu, husema: kwa tikiti mbili tofauti, acha saa tatu katikati au usiende kwa njia hiyo.

Kutoka Shimanzi hadi uwanjani

Uwanja wa Moi uko Port Reitz, ng'ambo ya kisiwa. Ulianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na ukapandishwa kuwa wa kimataifa mwaka 1979. Kutoka Shimanzi ni karibu: watoka mzunguko wa Makupa, wavuka, wafika Changamwe, kisha barabara ya uwanja. Ni kama kilomita 9 au 10.

Njia yenyewe, hata hivyo, ni ya malori. Asubuhi na mapema waweza kufika kwa dakika 20. Jioni malori ya makontena yakijipanga Changamwe, saa nzima yaweza kuisha nawe ukiiona taa ya uwanja. Mimi hupendekeza kutoka nyumbani saa mbili kabla ya ndege ya asubuhi, na saa mbili na nusu kabla ya ndege ya jioni. Anayetoka Likoni aongeze muda wa feri. Na wakaazi wa Kusini wakumbuke kuwa Ukunda pana uwanja mdogo wenye ndege za Nairobi. Kwa wa Diani huo waweza kuwa karibu zaidi, ila angalia kwanza kama ndege yake yatua Wilson au Jomo Kenyatta.

Kitambulisho usisahau. Na uangalie kwenye tikiti ni dakika ngapi kabla ya kuruka kaunta hufungwa. Saa ya kufungwa kaunta ndiyo unayokimbizana nayo, wala si saa ya ndege kuruka.

Kule Kisumu mambo ni mepesi. Uwanja uko kando ya ziwa, upande wa barabara ya Busia, na mji hauko mbali. Abiria asiye na mzigo wa kungoja hutoka nje kwa dakika 15 au 20, na bodaboda au teksi humfikisha mjini kwa muda kama huo. Anayeendelea Kendu Bay au Mumias aongeze safari ya barabara ya zaidi ya saa moja.

Njia hii si ya leo

Watu wa pwani waliijua njia ya kwenda ziwani kabla ya chuma chochote. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilifika hadi Mumias, na kwenda huko ilikuwa kazi ya miezi. Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na Desemba 1901 ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Kwa reli hiyo ya kupindapinda milimani safari ilikuwa zaidi ya kilomita 900.

Ndege nayo ni ya zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1937 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza kuleta barua na abiria kwa ndege kubwa zinazotua majini. Zilitoka Uingereza hadi Misri, zikafuata Mto Nile na maziwa, zikatua Kisumu, kisha zikaja Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuendelea hadi Durban. Basi njia ya Kisumu hadi Mombasa moja kwa moja bila ya Nairobi ilikuwako kabla ya babu zetu wengine kuoa. Ndege zile zilikwenda kwa kasi ya kama kilomita 265 kwa saa, kwa hiyo safari hii ingezichukua zaidi kidogo ya saa mbili na nusu.

Leo kwa barabara ni kama kilomita 830: Mombasa hadi Nairobi kama 485, na Nairobi hadi Kisumu kupitia Nakuru karibu 350. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, yakufikisha Nairobi kwa saa tano hadi sita, lakini baada ya hapo bado una basi au ndege. Kwa mwenye haraka haipunguzi mengi.

Linganisha na safari tunazozizoea

Ili umbali huu ukae akilini, uweke kando ya safari nyingine za kutoka Uwanja wa Moi. Uwanja wa Manda, Lamu, ni kama kilomita 245. Uwanja wa Zanzibar ni hivyo hivyo, kama 245. Sisi wa Mombasa tuko katikati yao karibu sawasawa. Nairobi ni 422. Kisumu, 695, ni karibu mara tatu ya kwenda Lamu. Na Muscat, ambako wengi wetu wana jamaa, ni kama kilomita 3,680, yaani zaidi ya mara tano ya Kisumu.

Jua la Kisumu huchelewa

Kenya nzima yatumia saa moja, lakini jua halifuati saa ya serikali. Kisumu iko magharibi yetu kwa karibu nyuzi 5 za longitudo, na kila uzi mmoja ni dakika 4. Kwa hiyo adhuhuri ya Kisumu huingia kama dakika 20 baada ya adhuhuri ya Mombasa. Magharibi hutofautiana zaidi kwa msimu, kwa sababu Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta nasi tuko kusini kidogo: mwezi wa Juni jua la Kisumu hutua kama dakika 26 baada ya letu, na Disemba kama dakika 12.

Jedwali la nyakati za sala la Mombasa usilitumie Kisumu. Aliyefunga akisafiri jioni kuelekea magharibi ataona jua lamkimbia. Saa yake ya mkononi itamwambia Mombasa wameshafuturu, naye bado aliona dirishani. Hapo huangaliwa jua la alipo yeye, wala si la alikotoka.

Tofauti hii yakusaidia kidogo katika msiba pia. Janaza iliyopangwa baada ya alasiri Kisumu huswaliwa baadaye kidogo kuliko ambavyo ungekisia ukiwa Mombasa.

Asubuhi ni bora

Ukiwa na hiari, panda ndege ya asubuhi. Bonde la Ziwa Victoria lajulikana kwa ngurumo na mvua za alasiri na jioni. Joto la mchana hupandisha mawingu, na rubani hulazimika kuyazunguka au kungoja. Asubuhi anga huwa tulivu zaidi, na ndege ya asubuhi haijarithi kuchelewa kwa safari zilizoitangulia siku hiyo. Isitoshe, kukiwa na uwazi, mkono wa kushoto utauona Kilimanjaro, kama kilomita 75 kutoka kwenye mstari wa safari.

Hesabu ya siku ya msiba

Tuchukue mfano. Habari imekuja saa kumi na mbili asubuhi. Janaza ni baada ya alasiri Kisumu, tuseme saa kumi.

Kwa ndege ya moja kwa moja: toka Shimanzi saa tano, ndege saa saba, watua karibu saa nane na nusu, uko mjini saa tisa na robo. Utawahi, na una dakika 45 za akiba.

Kwa kupitia Nairobi, tikiti moja: toka nyumbani saa mbili, ndege saa nne, Nairobi saa tano, ndege ya pili saa saba, Kisumu karibu saa nane, mjini saa tisa kasoro. Utawahi, bora ndege ya kwanza isichelewe kwa zaidi ya saa moja.

Kwa basi: hutawahi. Basi la usiku lililotoka jana ndilo lingekufikisha leo.

Fanya hesabu hii kutoka nyuma kuja mbele: anza na saa ya janaza, toa dakika za kutoka uwanja wa Kisumu, toa muda wa tikiti, toa kungoja, toa njia ya Changamwe. Ukifika mwisho ukaona saa ya kutoka nyumbani imeshapita, piga simu kule mara moja uwaambie wazike. Usiseme "nasubiri ndege" ikiwa ndege yenyewe huioni kwenye ratiba. Watu watakungoja kwa heshima, jua litakuchwa, na maiti bado yuko ndani. Ukiwaambia mapema watamaliza kwa wakati wake, nawe utafika jioni au kesho yake ukawapa mkono wa rambirambi na kusoma dua kaburini.